Springi, Shokapu na Bushi: Kwa Nini Gari la Mradi Likaguliwe Chini Kabla ya Mvua



Katika kupitia hesabu za magari ya miradi, maswali mawili yametufikia kutoka pande mbili tofauti. Mmoja wa wafadhili ameuliza kwa nini gari moja linunuliwe bushi na shokapu mara mbili ndani ya mwaka mmoja, wakati gari lake mwenyewe huko kwao lina miaka tisa na halijawahi kubadilishwa kitu hicho. Kamati ya usharika nayo imeuliza kinyume chake: kwa nini tumlipe fundi kulala chini ya gari ambalo bado linatembea vizuri? Maswali yote mawili ni ya haki. Makala haya yanajaribu kuyajibu kwa pamoja, na mfano wetu utakuwa pikapu inayohudumia Maposeni na vijiji vya jirani.

Gari na barabara zake

Kwa marafiki wasiofahamu, Maposeni ni kata katika Wilaya ya Songea, upande wa Peramiho. Kutoka Songea mjini hadi Peramiho ni lami, na kutoka Peramiho lami inaendelea hadi Mbinga. Kipande hicho cha Mbinga kilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mpango wa MCC, ambao mkataba wake ulitiwa saini Februari 2008 na kufikia mwisho mwaka 2013. Wanaokumbuka safari ya Mbinga kabla ya hapo, hasa wakati wa masika, hawahitaji kuelezwa mengi.

Lakini gari la mradi halikununuliwa kwa ajili ya lami. Kazi yake inaanzia pale lami inapoishia. Linabeba mabomba ya maji, mbegu na mbolea, saruji ya ujenzi wa madarasa, wanakwaya, wataalamu wa kilimo, na mara kwa mara linabeba mama mjamzito usiku kumpeleka Hospitali ya Peramiho, kwa kuwa ndilo gari pekee lililopo kijijini saa hiyo. Barabara za huko ni za udongo, nazo tangu mwaka 2017 zinasimamiwa na TARURA, zile kuu zikibaki kwa TANROADS. Zinachongwa, kisha mvua inazirudisha zilivyokuwa. Mkoa wetu una msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo gari linapita kwenye makorongo na mashimo yaliyofichwa na maji. Kiangazi kikifika matope yanakauka, na barabara inageuka kuwa kama bati la kuezekea: vijituta vidogo vilivyofuatana bila mwisho.

Wengi tunadhani mashimo ndiyo yanayoua gari. Ni kweli kwamba shimo moja kubwa linaweza kuvunja springi papo hapo, lakini bati ndilo linalomaliza gari polepole bila mtu kuona. Hebu tupige hesabu. Tuseme vijituta vinaachana kwa sentimita 70. Katika kilomita moja gurudumu linapigwa zaidi ya mara 1,400. Safari ya kilomita 20 ni mapigo zaidi ya 28,000 kwa kila gurudumu, na kurudi ni hivyo hivyo. Gari la mfadhili wetu kwenye lami ya kwao huenda lisipate mapigo ya namna hiyo kwa mwaka mzima. Hilo peke yake ni zaidi ya nusu ya jibu la swali lake.

Kuna jambo la kuvutia kuhusu hayo mabati. Mwaka 2007 watafiti watatu, Taberlet, Morris na McElwaine, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo gurudumu lilizungushwa juu ya mchanga. Waliona kwamba vijituta hujitengeneza vyenyewe gurudumu linapozidi mwendo fulani, na kwamba vinatokea hata kama gurudumu halina springi kabisa. Maana yake kwetu ni kwamba greda likipita leo, bati litarudi tu maadam magari yanapita kwa kasi. Kwa hiyo kusubiri barabara nzuri ndipo tutunze gari si mpango wa kutegemewa.

Kazi ya kila kifaa

Mafundi wetu husema gari lina miguu. Ni lugha nzuri, nami nitaitumia. Miguu hiyo ina sehemu tatu ambazo mjumbe wa kamati anapaswa kuzijua hata kama hajawahi kushika spana.

Kwanza ni springi, zinazobeba uzito. Nyuma ya karibu pikapu zote za kazi, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, na hata chini ya HiAce, kuna mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa kwenye eksili kwa boliti zenye umbo la U. Katikati ya mabamba inapita boliti moja ndogo inayoyashikilia pamoja na kuonyesha eksili ikae wapi. Mbele hutofautiana. Land Cruiser za pikapu zilikuwa na mabamba hadi mbele, mpaka Toyota ilipobadilisha mwaka 1999 na kuweka springi za kuzunguka. Hilux nyingi za zamani zenye magurudumu huru mbele zinatumia nondo inayosokotwa badala ya springi. Jueni gari lenu ni la aina gani kabla ya kuagiza kitu.

Pili ni shokapu. Watu wengi huamini shokapu ndiyo inayobeba gari, na ndiyo maana gari likiinama nyuma wanaenda kununua shokapu mpya, wanapoteza fedha na gari linabaki limeinama. Shokapu haibebi. Kazi yake ni kutuliza. Springi ikibonyezwa inataka kurudi juu, kisha chini, kisha juu tena. Shokapu inaizuia kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye matundu madogo ndani yake, na ule mtikisiko unageuka kuwa joto. Bila shokapu gurudumu linadunda kama mpira, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halifuati usukani.

Tatu ni bushi, boljointi na viungio vingine. Bushi ni kipande cha mpira kati ya chuma na chuma, mfano wa gegedu kwenye goti la binadamu. Ni ndogo, bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya tairi moja, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ikiisha, chuma kinagonga chuma, tundu linapanuka, na kazi ambayo ingekuwa ya kubadilisha mpira inakuwa kazi ya kuchomelea na kuchonga upya.

Gari lililokwenda upande

Niwape kisa kimoja. Katika usharika mmoja, ambao sitautaja, dereva aliwaambia wazee mara mbili kwamba usukani unavuta kushoto. Alijibiwa kwa heshima, "Mwanangu, hizo ni barabara zetu." Gari likaendelea kubeba mahindi msimu mzima. Lilipoletwa kwa fundi kwa sababu nyingine kabisa, tairi zilizokwisha upande mmoja, fundi alichukua kamba na kupima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Kulia na kushoto vipimo havikulingana. Upande mmoja eksili ilikuwa imerudi nyuma kwa upana wa vidole vitatu.

Sababu ilikuwa ile boliti ndogo ya katikati. Nati za boliti za U zililegea, labda kwa sababu hazikukazwa tena baada ya matengenezo ya awali, mabamba yakaanza kusuguana na kuteleza, boliti ya katikati ikakatika, na eksili ikahama. Gari lilikuwa linatembea kama kaa, mbele linaelekea huku na nyuma linafuata kwa pembeni. Mpira wa breki ulikuwa umevutwa hadi mwisho. Laiti ungekatika kwenye mteremko mmojawapo wa njia ya Mbinga, huku watu wamekaa nyuma, tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Sisemi hayo kuwalaumu wazee wale. Walijibu kama wengi wetu tungejibu. Ninachotaka kamati zione ni kwamba dereva alikuwa ametoa taarifa sahihi, bila kipimo chochote, kwa mikono yake tu, na hapakuwa na mahali pa kuiandika taarifa hiyo wala mtu mwenye wajibu wa kuifuatilia.

Ukaguzi ambao kamati inaweza kuusimamia

Mambo mengi yanaweza kuonekana bila gereji. Gari liwekwe mahali tambarare, likiwa tupu, tairi zikiwa na upepo sawa. Mjumbe mmoja apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, na aandike. Kulia na kushoto vinapaswa kukaribiana sana. Tofauti ya vidole viwili ni dalili ya springi iliyochoka au iliyovunjika. Kisha apime kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kama fundi yule alivyofanya. Kamba inatosha. Vipimo hivyo vikiandikwa kila baada ya miezi mitatu, kamati itaona gari linavyoshuka hata kama jicho halioni.

Baada ya hapo, dereva aoshe chini ya gari na kutazama mabamba ya springi kwa tochi. Ufa kwenye bamba mara nyingi hujionyesha kwa mstari mwembamba wa kutu nyekundu. Bamba lililosogea pembeni kuliko wenzake, chuma kinachong'aa karibu na nati za boliti za U, au vumbi jekundu la kutu linalotoka kwenye maungio, yote ni dalili kwamba kuna kitu kinacheza ambacho hakipaswi kucheza.

Shokapu inayovuja inajulikana kwa vumbi lililoganda juu yake kama tope la mafuta. Jasho kidogo si tatizo kubwa, lakini mafuta yanayotiririka ni mwisho wake. Watu wengi hupima shokapu kwa kukandamiza kona ya gari na kuachia. Kwa gari dogo njia hiyo inasaidia. Kwa Land Cruiser yenye springi ngumu mtu mmoja hawezi hata kuibonyeza, na matokeo yake ni kudanganyika. Njia bora kwa magari yetu ni joto. Baada ya mwendo wa nusu saa kwenye barabara mbaya, simamisha gari na kugusa kila shokapu kwa nyuma ya mkono, kwa uangalifu, kwani inaweza kuwa ya moto, na bomba la moshi liko karibu. Nzima zitakuwa na joto. Ile iliyobaki baridi haikufanya kazi yoyote njiani.

Tairi nazo zinasema. Tairi iliyolika kwa mabonde mabonde kuzunguka uso wake imekuwa ikidunda, na hiyo ni shokapu. Iliyolika upande mmoja tu inaonyesha kwamba magurudumu hayako sawa, ama kwa sababu ya alaimenti au kwa sababu ya bushi na boljointi zilizokwisha. Inasikitisha kuona usharika unanunua tairi mpya nne na kuziweka juu ya bushi mbovu zilizomaliza zile za kwanza. Tairi hizo hazitafika popote.

Kwa upande wa mbele gari linyanyuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara au magogo mapana. Tafadhali, mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa: likicheza, ni beringi, boljointi au, kwa Land Cruiser, beringi za kiungo kinachogeuza gurudumu. Lishikwe kushoto na kulia: likicheza, mara nyingi ni tairodi. Hapo ndipo kazi ya kamati inapoishia na ya fundi inapoanza.

Ukaguzi kamili wa fundi nashauri ufanyike mara mbili kwa mwaka: Septemba au Oktoba, baada ya kubeba mavuno na kabla ya mvua, na tena Mei, mvua zikishaisha. Katikati yake, kila gari linapobadilishiwa oili fundi atumie robo saa kuangalia miguu. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ni jambo jema na gari liwe nayo, lakini ni ukaguzi wa siku moja na mwaka una siku 365. Kamati zikumbuke pia kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimwangalii dereva peke yake. Anayeruhusu gari bovu litembee naye anahusika.

Mzigo

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa, na sitauficha. Kila kamati ninayokutana nayo inaniambia pikapu yao "inabeba tani moja". Tukubali hivyo kwa muda. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja kamili. Lakini pikapu ni ya milango minne, ndani wameketi dereva na abiria watano. Tukisema kila mmoja ana kilo 70, hiyo ni kilo 420 ambazo hakuna aliyezihesabu. Juu ya mifuko wamepanda vijana wawili wa kusaidia kushusha. Tani moja imekuwa zaidi ya tani moja na nusu. Na pikapu ya milango minne, kwa kuwa bodi yake ni nzito zaidi, mara nyingi inaruhusiwa mzigo mdogo kuliko ile ya mlango mmoja mmoja. Uzito wa gari tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa vimeandikwa kwenye kadi ya gari. Toa mmoja kwenye mwingine, na hicho ndicho kinachoruhusiwa, watu wakiwemo.

Mahindi ni tatizo zaidi kwa sababu ya lumbesa. Gunia linaitwa la kilo 100, lakini likishonewa kilemba juu hakuna ajuaye lina kilo ngapi. Mtu anayehesabu magunia hahesabu kilo.

Ufumbuzi ambao karibu kila gereji ya mjini itawapendekezea ni kuongeza bamba moja au mawili kwenye springi. Gari linanyanyuka nyuma, linaonekana lina nguvu, na kila mtu anafurahi. Mimi si mpinzani wa jambo hilo kwa kila hali. Gari linalobeba mzigo wa aina moja kila siku linaweza kufaidika. Lakini kamati ijue inanunua nini. Bamba la ziada haliongezi nguvu ya eksili, ya beringi, ya tairi, ya chasisi wala ya breki. Mapigo ambayo springi ilikuwa inayameza sasa yanapanda moja kwa moja kwenye chasisi, nayo huanza kupata nyufa. Gari likiwa tupu, na magari yetu hurudi tupu nusu ya safari zote, nyuma inaruka kwenye kila bati na kuhama njia kwenye kona.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Pikapu nyingi, hasa Hilux, zina valvu ya breki iliyounganishwa na eksili ya nyuma kwa nondo nyembamba. Valvu hiyo inatambua mzigo kwa kupima umbali kati ya eksili na bodi. Bodi ikishuka, valvu inaelewa kuna mzigo na kupeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Bodi ikipanda, inaelewa gari ni tupu na kupunguza. Sasa ongezeni bamba bila kurekebisha valvu: gari lina tani nzima nyuma, lakini bodi iko juu, na valvu inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi kidogo wakati zinapohitajika sana. Springi zilizochoka hufanya kinyume: gari tupu linachukuliwa kuwa limebeba, na magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga ghafla kwenye utelezi. Kwa hiyo fundi akiongeza au kubadilisha springi, aulizwe waziwazi kama amerekebisha valvu hiyo. Asipojua mnazungumzia nini, tafuteni fundi mwingine.

Lami imebadilisha hatari

Wazee wengi husema magari ya zamani yalitembea na springi za kufunga kwa kamba na hayakuua mtu. Kuna ukweli. Kwenye barabara ya udongo, kilomita 30 kwa saa, shokapu mbovu ni maumivu ya mgongo tu. Lakini gari lile lile leo linatoka kijijini, linapanda lami, na dereva anashika kilomita 80. Nguvu ya mwendo haiongezeki mara mbili mwendo unapoongezeka mara mbili. Inaongezeka mara nne. Kona za upande wa Mbinga, ambako barabara inapita kwenye milima ya Umatengo, hazimsamehi mtu mwenye gurudumu linalodunda. Ndiyo maana nasema lami imefanya ukaguzi wa miguu ya gari uwe wa lazima zaidi, ingawa wengi walidhani itaupunguza.

Spea na fundi

Ushauri wangu hapa ni mfupi. Shokapu zibadilishwe mbili mbili kwa eksili moja, kamwe si upande mmoja. Bamba lililopasuka lisichomelewe: chuma cha springi kimepikwa kwa joto maalumu, moto wa kuchomelea unakiharibu, na kitakatika tena pembeni mwa kiraka, kwa kawaida gari likiwa na mzigo. Bamba zima lililotumika, kutoka gari la aina hiyo hiyo, ni bora kuliko jipya lililochomelewa. Bushi za kuchonga kutoka tairi kuukuu zinaweza kukufikisha nyumbani ukiwa porini. Zisikae miezi sita.

Bushi za mpira zina siri yake. Fundi akizikaza gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira unashikwa ukiwa umejisokota, na gari likishushwa unabaki unavutwa saa zote hadi upasuke. Nati zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Nashuku kwamba sehemu ya zile bushi zilizonunuliwa mara mbili, zilizomshangaza mfadhili wetu, zilikufa kwa njia hii. Kwa magari yenye chuchu za grisi kwenye pini za springi, dereva azipige grisi kila wiki wakati wa mvua. Mafundi wa kufanya kazi hii tunao. Vijana waliopita VETA Songea na waliojifunzia Peramiho kwa majirani zetu Wabenediktini wanaiweza, mradi walipwe kwa kazi hiyo na si kwa kubadilisha spea tu.

Fedha itoke wapi

Marafiki wanapochangia gari, bajeti huwa na mstari wa mafuta na posho ya dereva. Mstari wa matengenezo huandikwa kiasi kidogo, mara nyingi kile kile cha mwaka uliopita. Pendekezo letu ni kwamba kila kilomita inayoandikwa kwenye daftari la gari ichangie kiasi kilichopangwa kwenye fungu la matengenezo, na fungu hilo liwe na sahihi ya mweka hazina, lisichukuliwe kwa harambee ya paa. Mtu binafsi au kikundi kikiazima gari, kilipe kwa kilomita vilevile. Kujaza mafuta peke yake si malipo, kwani mafuta hayanunui bushi. Kwa wafadhili ombi letu ni dogo: mnapopokea maombi ya gari, ulizeni fungu hilo liko wapi kabla ya kuuliza rangi ya gari.

Katika daftari hilo hilo tumeongeza ukurasa wa taarifa za dereva. Dereva anaandika anachosikia au kuhisi, tarehe na kilomita. Mjumbe mmoja aliyeteuliwa anatia sahihi ndani ya siku tatu na kuandika hatua iliyochukuliwa. Kama hatua ni "hakuna", aandike "hakuna" na jina lake.

Mwisho, kwa sharika ambazo magari yake yamefanyiwa kazi ya springi hivi karibuni: boliti za U hulegea baada ya mabamba kukaa mahali pake. Gari lirudi kwa fundi baada ya kilomita 500, likiwa limesimama kwa magurudumu yake, nati zote zikazwe tena kwa zamu na kwa kukingama, kisha magurudumu yapimwe alaimenti. Kazi hiyo haichukui hata saa moja, na iandikwe kwenye risiti ya kwanza ili fundi asiidai malipo mapya.